Namba ya Sataranji: Sifa Zake za Hisabati na Jina Lake katika Kiswahili

Makala haya yahusu namba moja tu, nayo ni hii:

18,446,744,073,709,551,615

Namba hii ina tarakimu 20, na wataalamu wa hisabati wameijua kwa muda wa miaka elfu moja na zaidi. Katika siku zetu imepata kazi mpya, kwa kuwa ndiyo namba kubwa kupita zote iwezayo kuandikwa katika nafasi 64 ambazo kompyuta nyingi hutumia kuhifadhi namba nzima moja.

Madhumuni yetu ni mawili. Kwanza, kueleza sifa za namba hii kwa maneno ya Kiswahili yanayotumika shuleni na katika vitabu vyetu vya hesabu. Pili, kuuliza swali la lugha: namba hii yaitwaje? Huenda msomaji akadhani kwamba maswali haya hayana uhusiano, kwamba la kwanza ni la mwanahisabati na la pili ni la mtunga kamusi. Tutajaribu kuonyesha kwamba sivyo. Namba moja yaweza kuwa na majina kadha wa kadha, na majina hayo hayalingani kwa thamani. Liko jina litajalo ukubwa wa namba na kuficha mengine yote; na liko jina litajalo jinsi namba ilivyojengwa, na anayelijua hilo ameshika ufunguo wa sifa zake.

I. Asili ya namba

Sataranji ni mchezo uliotoka Bara Hindi, ukapita Uajemi hata kufika kwa Waarabu, na neno lenyewe limetufikia sisi kwa njia ya Kiarabu. Ubao wake una miraba 64. Katika vitabu vya Kiarabu imo hadithi ya mtu mwenye hekima, Sissa, aliyesifiwa kuwa ndiye aliyeubuni mchezo huo. Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, ni mmoja wa walioisimulia. Yasemekana kwamba mfalme alimtaka Sissa achague zawadi, naye akaomba punje moja ya ngano kwa mraba wa kwanza, mbili kwa mraba wa pili, nne kwa wa tatu, na kuendelea hivyo maradufu hata mraba wa mwisho. Mfalme aliliona ombi hilo kuwa ni dogo mno, mpaka waandishi wake walipoketi kulipigia hesabu.

Hiyo ni hadithi, lakini hesabu yake ni ya kweli. Mwenye kutaka jumla aweza kuipata kwa kuandika miraba yote 64 na kuijumlisha, ila kazi hiyo ni ndefu na makosa hayakosi kuingia. Al-Biruni, mtaalamu wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973, alieleza njia iliyo fupi katika kitabu chake kiitwacho Al-Athar al-Baqiya, alichokitunga karibu na mwaka 1000. Njia hiyo yategemea kanuni mbili.

Kanuni ya kwanza ni kwamba punje za mraba wowote huzidi kwa moja jumla ya punje za miraba yote iliyoutangulia. Miraba mitatu ya mwanzo ina punje 1, 2 na 4, ambazo jumla yake ni 7. Na mraba wa nne una 8. Kwa hiyo jumla ya ubao mzima ni sawa na punje ambazo zingewekwa katika mraba wa 65, kama ungekuwapo, kasoro moja.

Kanuni ya pili ni kwamba punje za mraba zikizidishwa kwa idadi yao wenyewe, jawabu hutupeleka kwenye mraba ulio mbali na huo kama huo ulivyo mbali na wa kwanza. Mraba wa 3 una punje 4. Nne mara nne ni 16, na hizo ndizo punje za mraba wa 5. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, ambazo ni za mraba wa 9. Tukiendelea vivyo hivyo twapata 65,536 katika mraba wa 17, kisha 4,294,967,296 katika mraba wa 33, na mwisho 18,446,744,073,709,551,616 katika mraba wa 65. Tukitoa moja, hiyo ndiyo namba yetu. Yatosha basi kuanza na 2 na kuzidisha mara sita tu.

Ukubwa wa namba hii si rahisi kuuwaza. Tukikadiria kwamba punje 25 za ngano zina uzani wa gramu moja, punje za Sissa zingekuwa na uzani wa tani 738,000,000,000 hivi. Mavuno ya ngano ya dunia nzima katika miaka ya karibuni ni kama tani 800,000,000 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho mfalme angehitaji mavuno ya miaka zaidi ya 900. Tena, mtu akihesabu punje moja kwa kila sekunde, pasipo kulala wala kupumzika, angemaliza baada ya miaka zaidi ya 584,000,000,000. Muda huo ni kama mara 42 ya umri ambao wataalamu wa nyota hukadiria kwa ulimwengu huu.

II. Ugumu wa kuisoma

Hebu sasa tujaribu kuisoma namba hii kwa sauti. Hapo ndipo tunapokutana na matatizo ya lugha, nayo ni matatu.

La kwanza latokana na historia ya maneno yetu ya kuhesabia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa ni ya Kiarabu, na tisa limelisukuma kando neno letu la kale, kenda. Ishirini, thelathini na makumi mengine yaliyobaki ni ya Kiarabu, na hali kadhalika mia na elfu, ijapokuwa neno kikwi kwa maana ya elfu lilikuwapo. Laki limetoka Bara Hindi pamoja na biashara. Milioni na yote yaliyo juu yake yametoka Ulaya. Kila tabaka la maneno haya lilikuja wakati watu walipohitaji kuhesabu vitu vilivyo vingi zaidi. Hilo si aibu kwa lugha. Lakini maana yake ni kwamba ngazi yetu ya namba haikupangwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Tatizo la pili ni la mpangilio wa maneno. Maneno elfu kumi na tano yaweza kuwa 15,000, na yaweza kuwa 10,005. Katika mazungumzo shaka huondolewa na kituo kidogo cha sauti, au na jambo lenyewe linalosemwa, na kwa hiyo muuzaji na mnunuzi sokoni hawagombani. Katika maandishi hakuna sauti. Ndiyo sababu wengine hutanguliza idadi na kusema kumi na tano elfu. Neno laki nalo lasaidia: tarakimu sita za mwisho za namba yetu, 551,615, zasomeka bila shaka yoyote tukisema laki tano, hamsini na moja elfu, mia sita na kumi na tano.

La tatu ni zito kuliko hayo. Tukipita milioni twakuta kwamba Ulaya yenyewe ina ngazi mbili za namba. Katika ngazi fupi, kila jina jipya ni elfu ya lililotangulia: bilioni ni milioni elfu moja, na trilioni ni bilioni elfu moja. Katika ngazi ndefu, kila jina jipya ni milioni ya lililotangulia: bilioni ni milioni milioni moja, na trilioni ni bilioni milioni moja. Uingereza ilitumia ngazi ndefu kwa muda mrefu, na serikali yake ikaiacha mwaka 1974. Ufaransa ilifuata njia iliyo kinyume, kwani baada ya kutumia ngazi fupi iliirudisha rasmi ngazi ndefu mwaka 1961.

Basi namba yetu, katika ngazi fupi, yasomwa kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, na kisha tarakimu sita tulizozisoma. Katika ngazi ndefu yasomwa trilioni 18, bilioni 446,744, milioni 73,709, na tarakimu zile zile sita. Msomaji ataona kwamba neno trilioni limeonekana mara zote mbili, na kwamba mara ya kwanza limebeba 744 na mara ya pili 18.

Jambo hili si la mchezo. Tanzania na Kenya hufuata ngazi fupi, na bajeti za serikali hutangazwa kwa trilioni za shilingi. Lakini Kiswahili husemwa pia Kongo, Burundi na Rwanda, ambako wasomi wengi wamejifunza hesabu kwa Kifaransa. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura aliyefunzwa hivyo, akiona neno bilioni katika gazeti la Dar es Salaam, aweza kulielewa kuwa ni mara elfu moja zaidi ya alivyokusudia mwandishi. Na akiona trilioni, mara milioni moja zaidi. Neno ni moja, tahajia ni moja, sarufi ni moja, na maana ni mbili. Kamusi ambayo yaeleza bilioni bila kuandika sufuri zake yamwacha msomaji njiani.

III. Sifa za namba

Sasa tuyaache majina ya ukubwa, tuitazame namba yenyewe. Mambo machache yaonekana mara moja. Haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo ni witiri wala si shufwa. Maneno haya mawili tumeyapata kwa Kiarabu, na la kwanza lajulikana hata kwa asiyesoma hesabu, kwa ajili ya sala ya witiri. Yaishia na 5, kwa hiyo yagawanyika kwa 5. Jumla ya tarakimu zake zote ni 87, nayo hugawanyika kwa 3 lakini si kwa 9. Kwa hiyo namba yenyewe yagawanyika kwa 3 na haigawanyiki kwa 9. Zaidi ya hapo tarakimu 20 hazitusaidii sana. Mwenye kutaka vigawo vingine, na hana ila tarakimu hizo, hana budi kujaribu namba moja baada ya nyingine.

Lakini tukumbuke njia ya al-Biruni. Namba yetu ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe hata kufikia kipeo cha 64, kasoro moja. Kwa alama twaandika 2⁶⁴ – 1. Ipo kanuni ya kale isemayo kwamba namba iliyozidishwa kwa yenyewe, kasoro moja, ni sawa na zao la namba mbili: ile iliyo pungufu yake kwa moja, na ile iliyoizidi kwa moja. Mathalan, 16 mara 16 ni 256. Ondoa moja, ibaki 255. Na 255 ni zao la 15 na 17. Kwa kuwa 2⁶⁴ ni 4,294,967,296 mara yenyewe, namba yetu ni zao la 4,294,967,295 na 4,294,967,297.

Ya kwanza kati ya hizi nayo ni kipeo kasoro moja, kwa hiyo kanuni ile ile yafanya kazi tena: ni zao la 65,535 na 65,537. Vivyo hivyo 65,535 ni zao la 255 na 257. 255 ni zao la 15 na 17. Na 15 ni zao la 3 na 5. Basi kwa hatua chache, pasipo kujaribu lolote, tumepata kwamba:

18,446,744,073,709,551,615 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Namba hizi sita ni mashuhuri. Kila moja ni kipeo cha mbili pamoja na moja, na vipeo vyenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Mfaransa Pierre de Fermat alizichunguza, na katika mwaka 1640 aliandika kwamba aliamini namba zote za namna hii ni tasa, yaani hazina kigawo ila moja na zenyewe. Tano za kwanza ni tasa kweli. Ya sita ilikuwa kubwa mno kwa watu wa wakati wake, ikakaa karibu miaka mia bila kujulikana hali yake.

Aliyeifungua ni Leonhard Euler, katika mwaka 1732. Yeye alionyesha kwamba kigawo tasa cha namba hiyo, kikiwapo, lazima kiwe 64 iliyozidishwa kwa namba nzima fulani, pamoja na moja. Namba tasa za namna hiyo ni chache: 193, 257, 449, 577, 641, na kuendelea. Nne za kwanza hazifai. Ya tano yafaa, kwa kuwa 4,294,967,297 ni zao la 641 na 6,700,417.

Jambo hili laweza kuthibitishwa hata bila kugawanya. Namba 641 yaweza kuandikwa kwa njia mbili: ni 5 × 128 pamoja na 1, na tena ni 625 pamoja na 16. Kwa njia ya kwanza, 5 × 2⁷ ni 641 kasoro moja. Namba iliyopungua hivyo kwa moja, ikipandishwa hadi kipeo cha nne na kugawanywa kwa 641, hubakisha 1. Kwa hiyo 5⁴ × 2²⁸ hubakisha 1. Kwa njia ya pili, 5⁴, yaani 625, ni 641 kasoro 2⁴. Tukiweka kasoro 2⁴ mahali pa 5⁴, twapata kwamba kasoro 2³² hubakisha 1. Hiyo ni kusema kwamba 2³² pamoja na 1 haibakishi kitu, yaani 641 ni kigawo chake.

Kwa kuwa 6,700,417 nayo ni tasa, kazi imekwisha. Namba ya sataranji ina vigawo tasa saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417, na hakuna hata kimoja kinachorudiwa. Kwa sababu hiyo idadi ya vigawo vyake vyote, pamoja na moja na yenyewe, ni 128, kwa maana kila kigawo tasa chaweza kuchukuliwa au kuachwa, na mbili ikizidishwa mara saba ni 128.

Yafaa kutaja mambo mengine mawili. La kwanza ni la nusu ya ubao. Miraba 32 ya mwanzo ina jumla ya punje 4,294,967,295, ambayo ni zao la 3, 5, 17, 257 na 65,537. Carl Friedrich Gauss aligundua mwaka 1796 kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, na katika kitabu chake cha mwaka 1801 akaeleza kanuni yake kwa jumla, ambayo upande wake wa pili ulithibitishwa na Pierre Wantzel mwaka 1837. Kwa kanuni hiyo, kati ya maumbo yote yenye idadi witiri ya pande yanayojulikana kuchorika hivyo, kubwa kupita yote lina pande 4,294,967,295.

La pili ni la jirani zake. Namba inayoifuata, 2⁶⁴, haina kigawo tasa ila mbili. Inayofuata hiyo, yenye kuishia na 617, ni ya saba katika mfululizo wa Fermat, na Fortuné Landry alionyesha mwaka 1880 kwamba ni zao la 274,177 na 67,280,421,310,721. Namba hizi tatu zimefuatana, na zikisomwa kwa ngazi ya milioni na bilioni zatofautiana kwa neno moja tu la mwisho. Hata hivyo moja ina vigawo tasa saba mbalimbali, moja ina kimoja tu kilichorudiwa mara 64, na moja ina viwili. Hakuna kitu katika majina yao ya ukubwa ambacho kingetudokezea tofauti hiyo.

IV. Jina linalofaa

Hapa ndipo maswali yetu mawili yanapokutana. Tulipoandika kwintilioni 18 na yaliyofuata, tulipata jina refu, lenye ubishi kati ya nchi na nchi, lisilotupa hata kigawo kimoja zaidi ya yale yaonekanayo kwa macho. Tulipoandika mbili kwa kipeo cha sitini na nne kasoro moja, tulipata jina fupi, lenye maana moja Mombasa na Lubumbashi, na vigawo vikaanza kutoka vyenyewe.

Tena jina hilo ni Kiswahili kisicholazimishwa. Neno kasoro hatukuliunda kwa ajili ya hisabati. Kila mtu asemaye saa mbili kasorobo amelitumia kwa maana hii hii, yaani kutaja kitu kwa kile kilicho juu yake na kusema kimepungua kiasi gani. Kipeo ni neno la vitabu, lakini laeleweka. Maneno mengine tuliyohitaji, kama vile zao, kigawo, baki, shufwa, witiri na tasa, yote yamo.

Juu ya neno tasa yafaa kusema kidogo. Kwa asili latumika kwa asiyezaa. Waarabu huiita namba ya namna hii ya kwanza, na lugha nyingi za Ulaya zafuata wazo hilo hilo. Mtu aweza kusema kwamba sitiari yetu imegeuka, kwa kuwa namba tasa haizaliwi na nyingine, bali kwa kuzidishwa hizo ndizo zizaazo nyingine zote. Zile saba zimezaa namba ya sataranji. Kwa upande mwingine, waliolichagua neno hilo walitazama mgawanyo: namba ambayo ukiigawa haitoi kitu. Neno limekwisha kukaa, wala hatupendekezi liondolewe. Twasema tu kwamba mwalimu alifundishaye alieleze, ili mwanafunzi asidanganywe na maana ya nje.

Kutokana na hayo twatoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila kamusi na kitabu cha shule kinachotaja bilioni au trilioni kiandike namba yenyewe kwa tarakimu, na kieleze kwamba ngazi inayofuatwa ni fupi. Pili, katika maandishi, elfu iwekwe baada ya idadi yake kila panapokuwa na shaka, na neno laki lisidharauliwe kuwa ni la sokoni, kwa kuwa lina kazi ambayo maneno mengine hayaifanyi vizuri. Tatu, kwa namba zilizopita trilioni, tusipoteze nguvu kuagiza majina mengine ya Ulaya pamoja na ubishi wake. Namba kama hizo hazihesabiwi na mtu; hujengwa kwa kuzidisha, na yafaa zitajwe kwa namna zilivyojengwa. Lugha iliyo na kipeo na kasoro yaweza kutaja namba ya Sissa kwa maneno machache, na mwenye kuyasikia aweza kuzijua sifa zake.